Sindano ya Bagamoyo

Sisimizi ndio walionipa habari. Kila asubuhi nilipokwenda kumwaga majivu chooni niliwakuta wamejipanga pale mume wangu alipokojoa, wengi, wana haraka kama watu wa mnadani. Nikiwamwagia maji ya moto, kesho yake walirudi na jamaa zao. Nikamwambia mume wangu, "Baba Tekla, mkojo wako una utamu. Twende hospitali." Akacheka mpaka tumbo likatikisika, akasema kama mkojo wake ni mtamu basi nimshukuru Mungu, maana kuna wanawake waume zao hawana kitamu hata kimoja.

Mume wangu ni Wenceslaus mwana wa Ngollo. Miaka ile, baada tu ya vita vya Hitla, Tabora nzima ilimjua. Alinunua nta na asali kwa warina wa Ipole na Sikonge, akaja kuwauzia Wahindi wa mjini. Aliponioa alikuwa mwembamba, baiskeli moja, madebe mawili nyuma, kutwa anaisukuma kwenye mchanga. Baadaye akapata lori, na tangu siku lile lori lilipoingia uani, miguu yake ikastaafu. Kwenda kanisani, lori. Kwenda kwa kinyozi, ambaye ukipiga chafya barazani kwetu anakuombea afya, lori. Tumbo likatangulia, yeye akafuata. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini kwetu kiatu kikiingia mvunguni niliitwa mimi.

Nilimsumbua mpaka akakubali kwenda. Daktari aliyetupokea alikuwa kijana wetu, Mwafrika, jina lake Raymundi, mpole wa sauti, mikono safi. Akauchukua ule mkojo, akautia katika dawa ya buluu, akauchemsha juu ya moto mdogo. Buluu ikageuka nyekundu kama tofali. Kisha akamvua mume wangu viatu, akamwambia atazame dirishani, akachukua pini, akamchoma kidole cha mguu.

"Unasikia?" akauliza.

"Nasikia nini? Anza basi," mume wangu akajibu, macho yake dirishani.

Mimi niliiona ile pini. Iliingia, ikatoka, na tone la damu likabaki. Nikashika benchi kwa mikono miwili.

Raymundi akatuketisha, akatueleza taratibu. Alisema huu ni ugonjwa wa sukari. Alisema wako wagonjwa wanaodungwa sindano kila siku ya Mungu maisha yao yote, lakini mzee hajafika huko, na akitaka hatafika. "Dawa yako ni kutembea," akasema. "Kila asubuhi toka mjini uelekee Kipalapala. Anza na nusu ya njia, mwisho ufike na kurudi. Punguza asali, acha pombe. Na miguu yako uitazame kila jioni, kama unavyotazama mtoto mchanga, kwa sababu haiwezi tena kukwambia ikiumia."

Katika maneno yote hayo mume wangu alisikia moja tu, kwamba sindano ipo. Tulipofika nyumbani alizunguka sebuleni kwa hasira. "Umeona? Sindano wanayo, wananinyima! Mzungu angeambiwa atembee? Mzungu wanamdunga, mimi naambiwa nenda Kipalapala. Tangu lini mtu mweusi akaambiwa dawa yake ni kutembea, kama hatukutembea vya kutosha?"

Nilikuwa na jibu, nikalimeza, kwa sababu sindano nami niliijua. Dada yake mume wangu, Minza, alipokuwa msichana aliota buba mwili mzima, vidonda hadi kwenye nyayo, nzi hawamtoki. Waganga wetu walikula mbuzi wakamaliza zizi. Serikali ilipoleta sindano ya buba, watu wakapangwa mstari, Minza akabebwa mgongoni, akadungwa mara moja, na kabla hata maboga hayajaiva ngozi yake ilikuwa laini kama ya mtoto. Mume wangu alikuwa kijana, ndiye aliyembeba. Tangu hapo ukimwambia dawa ya kunywa alikuona mshamba, na ukimwambia dawa isiyo dawa, ya jasho lako mwenyewe, alikuona mwongo. Wala hakuwa peke yake. Nchi yote hii ililogwa na sindano, na waliologwa walikuwa na sababu.

Tena kulikuwa na jambo la pili, na hilo ndilo lililonitisha. Baba mkwe wangu, mzee Ngollo, katika ujana wake alikuwa mpagazi. Alibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka Bagamoyo, akarudi na mizigo ya nguo, akaenda tena. Bega lake la kulia lina nundu, sugu iliyoota juu ya sugu, na katikati ya nundu kuna bonde ambapo mzigo ulikaa. Reli ilipofika Tabora na misafara ikafa, mzee alimshika mwanawe mkono, akampeleka kulitazama gari-moshi, akaapa mbele ya watu kwamba mtoto wake hatatembea. Mume wangu alikuwa mdogo, lakini kiapo kile alikikumbuka kuliko ubatizo wake. Kwake kutembea bure asubuhi, bila mzigo, bila pa kwenda, kulikuwa kumtukana baba.

Nikamsihi kwa wema, nikamsihi kwa ugomvi. Mwisho akanipa jibu lililomfurahisha mwenyewe. Alimwajiri mtu wa kutembea kwa niaba yake.

Msinicheke. Katika nchi yetu kutembea kulikuwa kazi. Mtu alitembea kwa sababu ametumwa, na mwenye uwezo alituma. Akaitwa Lugembe, mwanamume wa makamo aliyekuwa akipakia magunia kwenye lori letu, akapewa fimbo ya mpingo ya mume wangu na kofia yake, na kila asubuhi akatoka mlangoni petu kwenda Kipalapala. Huko, ambako ndiko kwetu nilikozaliwa, alimsalimu mama yangu, akanywa maji, akarudi. Mume wangu alimngoja barazani, miguu juu ya kigoda, bakuli la asali pembeni.

"Bwana, leo tumetembea vizuri," Lugembe alisema akipangusa jasho.

"Pole na safari," mume wangu alimjibu, na, Mungu shahidi wangu, alishusha pumzi kama mtu aliyechoka.

Majirani hawakuona ajabu. Walisema mbona marehemu huombewa misa na watu wengine na zinafika. Lugembe yeye alianza kunawiri, mgongo ukanyooka, kikohozi chake cha miaka kikaisha. Siku moja nilimwambia mume wangu kwamba dawa yake inamponya Lugembe, akaninunia mpaka usiku.

Wakati huo huo akaja Silasi. Silasi alikuwa amesaidia wauguzi jeshini, akarudi kutoka vitani Bama na boksi la bati na sindano ya kioo. Sitamsingizia, alikuwa mtu safi, mwenye adabu, na sindano yake aliichemsha. Ila alikuwa na ulimi. Alijua sisi ni wajukuu wa wapagazi, akazipa dawa zake majina ya njia. Maji meupe yalikuwa "ya Kipalapala". Ya manjano yalikuwa "ya Ugogo". Na ile nyekundu, ya bei, iliitwa "ya Bagamoyo".

"Mzee," alimwambia mume wangu, akiinua kichupa juani, "hii ikiingia mwilini ni sawasawa na mtu aliyekwenda pwani na kurudi. Damu inatembea yenyewe. Wewe unakaa tu."

Unakaa tu! Maneno hayo yaliingia masikioni mwa mume wangu yakajenga nyumba. Kila Jumamosi Silasi alikuja barazani, na nyuma yake mtaa wote ukapanga mstari. Mwalimu aliyechoka kusahihisha alidungwa ya Ugogo. Wanawake waliotoka kupalilia migongo ikiwauma walidungwa ya Kipalapala, wakarudi wakisema wamepumzika. Paskazia, jirani yangu, alikuwa mnene, anapanda ngazi mbili za kanisa anahema, naye akadungwa ya Bagamoyo, akasimama katikati ya uwanja akatangaza kwamba ameisikia bahari. Nilikuwa peke yangu niliyekunja uso, na ukiwa peke yako mwenye akili katika mtaa, wewe ndiwe mwenda wazimu.

Nikaona nimfuate aliyeapa. Mzee Ngollo aliishi kijijini kwake, mbele ya Kipalapala, ng'ambo ya mbuga ya udongo mweusi. Nilimtumia salamu kwamba mwanawe anaumwa na nahitaji neno lake. Asubuhi ya pili yake alikuwa mlangoni kwangu, vumbi mpaka magotini, ametoka gizani, fimbo yenyewe hana.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia mnataka kumtembeza Wenceslaus."

Nikampa maji, nikamweleza yote, sisimizi, tofali, pini. Alisikiliza kwa makini. Nilifurahi, nikadhani nimepata mtetezi. Alipomaliza kunywa akaweka kata chini, akasema, "Njia nimeitembea mimi. Nimeitembea kwa ajili yake na kwa ajili ya watoto wake. Walionipita njiani wamekufa, mifupa yao iko Ugogo. Mimi nilisema huyu hatatembea. Kama kuna sindano, adungwe."

"Baba, wewe leo umetembea kutoka alfajiri, na umri huo, na huhemi."

"Mimi ni mpagazi," akanijibu, kana kwamba nimemuuliza kabila lake. Akamwombea mwanawe afya, akakataa lori, akarudi kwao kwa miguu.

Siku ile nililia, halafu nikakasirika, na hasira ndiyo iliyonipa akili. Nilifunga kanga zangu, nikamwacha Tekla ampikie baba yake, nikaenda kwetu Kipalapala kususa. Mke akisusa, kwetu mume hamtumi mtu. Anakwenda mwenyewe, anapiga goti kwa wakwe, anasema nimekosa. Baba yangu, Dionis, alikuwa mkulima, jirani wa mapadre, mtu wa maneno machache. Nilimweleza ninachotaka. Akatafuna jani la tumbaku, akasema, "Mkwe haji kwangu akingurumisha gari. Atakuja kwa miguu, kama mtu anayetaka mke."

Asubuhi ya kwanza alikuja Lugembe. Kofia kichwani, fimbo mkononi. Akapiga goti mbele ya baba yangu, akasema kwa sauti ya huzuni, "Mzee, tumekosa." Mama yangu ilibidi akimbilie jikoni ili asicheke hadharani. Baba alimpa uji, akamrudisha.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa nikipepeta mtama uani niliposikia lori letu. Nalijua lori letu, lina kikohozi. Lilizimika kule kwenye mikaratusi ya mapadre, mbali na macho. Baada ya kitambo akatokea mume wangu njiani, anachechemea kidogo, amejaa vumbi. Vumbi lilikuwa magotini, kifuani, hata kwenye nyusi. Lakini kwapani shati lilikuwa kavu. Alikuwa amejipaka. Mama yangu akapiga vigelegele, ndugu yangu Tobias akamletea kiti, na mimi nikamtazama yule mtu mzima aliyejipakaza vumbi kama mtoto aliyeiba sukari, na huruma ikanishika hata nikashindwa kumwaibisha.

Nilimwambia tu, "Nitarudi na wewe. Lori litangulie. Sisi tutakwenda kwa miguu."

Hakuwa na pa kutokea, wakwe wanamtazama. Tukaondoka. Mwanzo alinung'unika, akasimama kila tulipopita mti. Baadaye, tulipofika kwenye miombo, pumzi yake ikakaa sawa, akaanza kusema. Alinionyesha mti ambapo zamani alianguka na baiskeli, asali ikamwagika, nyuki wakamfukuza mpaka akajitupa kwenye dimbwi. Tulicheka. Ilikuwa miaka sijamsikia akisimulia kitu kisicho bei. Tulipofika nyumbani nilimvua viatu, nikamkagua nyayo, nikamwosha, akalala mchana ule kama mtoto.

Basi tukawa tunatembea. Alikubali kwa sharti kwamba twende kila mara kama watu wenye safari, nami nibebe kikapu, ili watu wasiseme kaishiwa. Nilibeba kikapu kitupu kiangazi chote. Tumbo likarudi nyuma. Sisimizi wakapungua chooni, kisha wakahama. Tulipokwenda tena hospitalini, Raymundi akachemsha mkojo wetu na ile buluu ikageuka kijani kidogo, kama maji ya mlenda. Kijana yule akacheka kwa furaha, akaniambia, "Mama, umemponya." Nilitembea kurudi nyumbani miguu haigusi chini.

Lakini kila Jumamosi, kumbukeni, Silasi naye alikuwa anakuja.

Jioni ile baraza ilijaa. Mume wangu akasimama, mkanda umeingia matundu mapya, akawaambia watu, "Mnaniona? Mnaona tumbo liko wapi? Sindano ya Bagamoyo!" Watu wakapiga makofi. Silasi akainama kwa adabu. Mimi nikadondosha trei.

"Na miguu je?" nikauliza mbele ya wote. "Kiangazi kizima nimebeba kikapu kitupu, na miguu je?"

"Miguu ilisaidia, Mama Tekla," akasema kwa ukarimu, "ilinipa hamu ya kula." Watu wakacheka, na Silasi akacheka nao, na mimi nikajua nimeshindwa. Aliyepona hana haja ya dawa chungu. Kesho yake nilipomwamsha alijigeuza ukutani akasema wingu limetanda. Kesho kutwa mvua ilinyesha kweli. Lugembe akarudishiwa fimbo na kofia.

Mume wangu akaamua kufanya karamu ya shukrani kwa baba yake kijijini, Silasi akiwa mgeni wa heshima. Kwa karamu hiyo alijinunulia viatu vya ngozi vyenye ncha, vikali, vya kubana. Alivivaa kutwa ili vilainike. Nilipotaka kumkagua nyayo alinikatalia, akasema mambo ya mwili wake sasa yako mikononi mwa mtaalamu. Baada ya siku kadhaa nikaanza kusikia harufu chumbani. Nilidhani panya amekufa. Nikasogeza kitanda, nikafagia, nikapanguza. Harufu ikawa inatoka na kuingia pamoja na mume wangu.

Asubuhi ya kwenda kijijini nilimvua soksi kwa nguvu akiwa bado na usingizi. Ndani ya kiatu kulikuwa na msumari umechomoza, mdogo tu, na chini ya kidole gumba palikuwa na shimo jeusi linalonuka. Hakuwa amesikia kitu. Alikuwa ametembea barazani juu ya msumari siku zote hizo, akipokea pongezi.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua! Twende kwa Raymundi sasa hivi!" nikapiga kelele.

"Silasi amekiona kidonda," akasema, akivuta soksi. "Amenidunga mara mbili, na leo atanidunga tena. Kwani unaniona nalia? Kingekuwa kibaya kingeuma." Akapanda lori. Watu walikuwa wameshapanda, ng'ombe ameshachinjwa, ningefanya nini? Nikapanda nami.

Tulivuka mbuga kabla ya mvua. Nyuma yetu ikafunguka, ikanyesha siku nzima na usiku wake, na kulipopambazuka ile mbuga ilikuwa ziwa la tope jeusi. Lori lilijaribiwa likazama mpaka mlangoni. Mume wangu alikuwa wa moto kama chungu jikoni, lakini alivaa viatu vyake, akatoka, akakaa kwenye kiti pembeni ya Silasi. Mchana aliinuka kutoa shukrani. Akasema, "Ndugu zangu," akaanguka mbele ya wageni.

Silasi alifungua boksi lake. Akamdunga ile nyekundu. Tukangoja. Akamdunga tena. Kisha akanitazama, uso wake umekauka, akasema kwa sauti ndogo, "Mama, nilidhani inatosha." Nilitaka kumpiga, nikaona ni mtu anayesema kweli. Na kweli yake haikunisaidia kitu.

"Abebwe," nikasema.

Walikata mti, wakafunga blanketi, wakatengeneza machela kama zile walizobebewa Wazungu zamani. Akaingia Lugembe, akaingia Tobias ndugu yangu aliyekuja karamuni, akaingia Silasi. Alihitajika wa nne. Vijana walikuwapo, lakini mzee Ngollo alikuwa ameshasogea, ameshavua shati. Wakamzuia, wakamwambia yeye mzee, njia ni mbaya.

"Huyu ni mzigo wangu," akasema.

Akainama, akaweka mti begani, na mti ukalala katika lile bonde la nundu yake kana kwamba ulichongewa pale. Tukaingia topeni. Silasi aliteleza, Tobias aliteleza, hata Lugembe aliyeijua njia ile kuliko sote alipiga goti mara moja. Mzee hakuteleza. Alitazama chini, alipumua kwa kipimo, na nilipokwenda pembeni yake nikimshika mume wangu mkono niliona machozi yanamtiririka bila sauti, yanaungana na jasho. Kati ya mbuga mume wangu alifumbua macho, akauliza, "Tumefika wapi?" Tulipita nyumbani kwetu Kipalapala, mama yangu akatoka, akaona, akajitupa chini. Njia ile ile. Nilikuwa nimeitembea kiangazi kizima na kikapu kitupu.

Raymundi alitazama mguu, akanitazama mimi. Walimkata chini ya goti. Mwenyezi Mungu akamwachia uhai.

Watu husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mume wangu alisikia la mkuu kuliko watoto wote wa Unyamwezi, na guu ndilo alilokatwa. Mjini nako walisema, najua, maana Paskazia aliniletea uji na maneno: ile sindano ilichelewa, laiti angedungwa mapema zaidi. Silasi mwenyewe alikuwa hajafungua boksi tangu siku ile, lakini Jumamosi ilipofika mstari ulijipanga barazani kwake, na Jumamosi ya pili akafungua.

Kidonda kilipoanza kukauka, Raymundi alileta magongo mawili, akayaegemeza kitandani. Sasa alikuwa akimdunga mume wangu sindano ya kweli, ile ya kila siku. "Sindano hii ni nusu," alimwambia. "Nusu nyingine ni wewe. Leo unasimama. Ukikaa hivi, mguu uliobaki utamfuata mwenzake." Akaenda kwa wagonjwa wengine.

Mume wangu aliyatazama yale magongo. Kisha akanivuta kanga, akaninong'oneza, "Mama Tekla. Niitie Silasi. Huenda iko ya kutia nguvu kwanza, halafu ndiyo nisimame."

Nilikuwa nimechoka, nimechoka mpaka kwenye mifupa. Nilikaa tu nimeshika beseni.

Mzee Ngollo alikuwa chini kwenye mkeka, hapo alipolala tangu siku ile, na alikuwa amesikia. Akainuka. Akaja kitandani, akavua shati tena kama kule kijijini, akageuza bega lake la kulia kwa mwanawe.

"Shika hapa."

"Baba, uliapa nisitembee."

"Niliapa," mzee akasema. "Nami nimekubeba. Sasa nakitengua kiapo. Simama."

Mume wangu alinitazama mimi, kisha akautazama mlango, akautazama kitambo kirefu, kama mtu anayemngojea mgeni aliyeahidi. Hakutokea mtu. Akaweka mkono juu ya ile nundu, akashusha mguu wake.